Suala Si Bei: Programu Huria, Historia Yake na Sisi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma zake kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa umetumika duniani kwa miaka kumi. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku ile. Ziliendelea kuwaka, kuandika barua na kutoa stakabadhi kama kawaida, isipokuwa masasisho ya kawaida ya usalama yalikoma. Anayetaka kuhamia Windows 11 anatakiwa awe na mashine yenye kichakataji na kifaa cha usalama ambavyo kompyuta nyingi zilizonunuliwa kabla ya mwaka 2018 hazina. Ofisi nyingi za umma ninazozifahamu, na maabara nyingi za kompyuta vyuoni, zimejaa mashine za umri huo.

Tangu hapo wanafunzi wangu, pamoja na watumishi wa serikali wanaokuja kusoma jioni, wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: je, si wakati sasa tuhamie programu huria ili tuokoe fedha? Huwajibu kwamba kuhama ni jambo jema, lakini hiyo ya kuokoa fedha ndiyo sababu dhaifu kuliko zote. Anayehama kwa sababu ya bei peke yake hurudi alikotoka siku bei inapopunguzwa. Ili nilieleze hilo inanibidi nirudi nyuma, maana mjadala huu kwetu huendeshwa kana kwamba ulianza jana.

Katika miaka ya 1950 na 1960 programu haikuwa bidhaa. Aliyekodi au kununua kompyuta ya IBM alipewa programu pamoja na mashine, na mara nyingi alipewa pia msimbo wake, yaani maandishi ya maelekezo ambayo mtaalamu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Mwaka 1955 watumiaji wa mashine hizo walianzisha chama walichokiita SHARE, na kazi yake ilikuwa ile inayotajwa na jina lenyewe: kugawana programu walizoziandika. Hakuna aliyeona ajabu. Mabadiliko yalikuja mwaka 1969. Mwezi Januari serikali ya Marekani iliifungulia IBM kesi ya kuhodhi soko, na mwezi Juni kampuni hiyo ikatangaza kwamba sehemu kubwa ya programu na huduma zake zingeuzwa kando na mashine. Ndipo biashara ya programu ilipopata nafasi ya kukua. Wanaotuambia leo kwamba programu "kwa asili yake" ni bidhaa ya kufungiwa wasome mwaka huo.

Februari 1976 Bill Gates, wakati huo kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta ndogo, akilalamika kwamba wengi wao ni wezi. Yeye na Paul Allen walikuwa wameandika lugha ya BASIC kwa ajili ya kompyuta iliyoitwa Altair, na watu wakawa wanainakili kutoka utepe mmoja wa karatasi hadi mwingine. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna atakayekesha akiandika programu nzuri kama halipwi. Si hoja ya kubeza, kwa kuwa mwandishi wa programu naye ana tumbo. Barua ilitaja kwamba muda wa kompyuta uliotumika katika kazi hiyo ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola 40,000. Haikutaja kwamba kompyuta yenyewe ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Harvard, na kwamba iligharimiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani. Mlipakodi aliweka mtaji, kisha akaambiwa ni mwizi. Mwenendo huo umejirudia mara nyingi mno tangu wakati huo.

Upande wa pili wa historia ulianzia kwenye printa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maabara ya akili mnemba ya chuo cha MIT ilipewa printa mpya na kampuni ya Xerox. Karatasi zilikuwa zikikwama. Hata printa ya zamani ilikuwa na ugonjwa huo, lakini Richard Stallman, mwandishi wa programu pale maabara, alikuwa ameongeza mistari michache katika msimbo wake ili karatasi inapokwama wote wanaosubiri kazi zao wapate taarifa, mmoja wao ainuke akaikwamue. Printa mpya ilikuja bila msimbo. Stallman alimwendea mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akanyimwa, kwa sababu mtafiti huyo alikuwa ameahidi kwa maandishi kutoutoa kwa mtu. Tazama ni nini hasa kilichomkera Stallman. Printa ile haikumgharimu senti, ilikuwa zawadi. Kilichomkera ni kwamba analijua tatizo, anaijua dawa yake, na haruhusiwi kuitumia.

Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika upya mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1989 ikafuata leseni ya GPL, ambayo kwa maoni yangu ni mojawapo ya maandiko ya kisheria yenye werevu mkubwa katika karne iliyopita. Haikuikana hakimiliki. Iliichukua sheria ileile ya hakimiliki na kuigeuza: unaruhusiwa kubadilisha na kugawa, kwa sharti kwamba utakayempa naye umpe ruhusa hizohizo.

Hapa niseme neno kuhusu lugha. Katika Kiingereza neno moja hubeba maana ya "bure" na "huru", na Stallman ametumia zaidi ya miaka 40 akieleza kwamba yeye anazungumzia uhuru. Kiswahili hakina shida hiyo. Bure ni bure na huru ni huru. Hata mtoto hachanganyi. Tulikuwa na bahati ya kuanza mjadala tukiwa mbele ya wenzetu, nasi tukaipoteza, kwani ukimtajia ofisa manunuzi "programu huria" yeye husikia "programu za bure", na papo hapo hushuku kwamba ni duni, kwa kuwa cha bure kina sifa zake mitaani. Kisha neno "huria" lenyewe lina historia yake. Waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1980 na 1990 walilizoea katika "soko huria", wakati viwanda vya umma vilipokuwa vikiuzwa. Wengine tulilizoea katika Chuo Kikuu Huria, mahali ambapo mlango uko wazi kwa anayetaka kujifunza. Programu huria inakaribiana zaidi na chuo kuliko soko.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapita haraka. Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kiini cha mfumo endeshi alichokuwa akikiandika, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya GPL. Kikaunganishwa na kazi ya GNU, ndiyo Linux tunayoisikia. Mwaka 1998 baadhi ya wafuasi wa mwelekeo huu, wakitaka kuwavutia wafanyabiashara, walibuni jina jipya lililosisitiza uwazi wa msimbo na kuacha kuzungumzia uhuru. Leo sehemu kubwa ya seva za intaneti zinaendeshwa kwa Linux, na simu za Android zina kiini chake ndani. Kwa hiyo anayesema "sisi hatutumii programu huria" yumkini anaitamka sentensi hiyo kupitia simu inayoitumia.

Sasa tuje kwenye ofisi zetu. Mjadala wa bei unachukulia kwamba sisi tunalipia. Ukweli ni kwamba kompyuta nyingi binafsi mijini kwetu, na nyingi za vyuoni na za ofisi ndogo, zimewekewa programu na fundi aliyetoa nakala mfukoni, akazima kinga ya virusi kwa dakika tano, akaendesha kiprogramu cha kuvunja kufuli, akapokea elfu kumi yake akaondoka. Kwa mtumiaji huyu Windows ni ya bure tayari. Ukimwendea na hoja ya bei humwambii kitu. Anacholipa hakionekani kwenye risiti. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliposhambulia kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kukwamisha hospitali nyingi za Uingereza, dawa yake ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi. Zilizoumia ni mashine ambazo hazikuwa zimepokea masasisho, na mashine iliyochakachuliwa mara nyingi huzimiwa masasisho kwa makusudi ili kufuli lisirudi.

Wenye kampuni wanaielewa hali hii kuliko sisi. Mwaka 1998, akizungumza mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, Gates aliulizwa kuhusu wizi wa programu nchini China. Jibu lake, kwa muhtasari, lilikuwa kwamba maadamu wataiba, ni afadhali waibe zetu. Watazizoea, nasi huko mbele tutapata namna ya kukusanya. Sijawahi kusoma maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo juu ya jinsi utegemezi unavyojengwa. Mazoea huja kwanza, ankara hufuata. Katika mwongo huo uliofuata SchoolNet, asasi iliyokuwa ikisambaza kompyuta na intaneti katika shule za Namibia, ilikataa zawadi ya Office kutoka Microsoft. Walipiga hesabu wakaona kwamba ili kuitumia zawadi hiyo wangelazimika kununua Windows kwanza. Wakabaki na Linux yao.

Kama bei si suala, suala ni nini? Aliyelijibu vizuri zaidi, kwa kadiri ninavyojua, ni mbunge wa Peru aliyeitwa Edgar Villanueva. Alikuwa amepeleka muswada wa kuitaka serikali itumie programu huria, na Machi 2002 mkuu wa Microsoft nchini humo akamwandikia kuupinga: kwamba utabagua kampuni, utahatarisha ajira, na kwamba programu za bure zina gharama zilizofichika. Jibu la Villanueva la mwezi Aprili lilisambaa duniani kote. Alisema muswada haujengwi juu ya bei. Umejengwa juu ya wajibu wa dola kwa raia wake: kwamba raia apate taarifa za umma bila kulazimishwa kununua programu ya kampuni fulani, kwamba kumbukumbu za dola zisomeke daima bila kutegemea hiari ya muuzaji, na kwamba dola iweze kuchunguza kilicho ndani ya programu zinazoshika siri zake. Muswada wake haukupita ulivyokuwa. Mwaka 2005 Peru ilipata sheria laini zaidi, inayozitaka taasisi zifanye tathmini kabla ya kununua. Lakini barua yenyewe imebaki, na ningependa kila ofisa mipango aisome kabla ya kujaza fomu ya mahitaji ya mwaka.

Jiji la Munich, Ujerumani, linafundisha upande mwingine. Mwaka 2003 baraza la jiji lilipokuwa likijadili kuhamisha kompyuta zake kwenda Linux, mkuu wa Microsoft, Steve Ballmer, alikatiza likizo yake akaenda kumwona meya. Kampuni ikapunguza bei hadi chini ya makadirio ya Linux. Baraza likachagua Linux vilevile, kwa hoja ya kutofungwa na muuzaji mmoja. Kufikia mwisho wa mwaka 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Halafu meya akabadilika. Mwaka 2016 Microsoft ilihamishia makao yake makuu ya Ujerumani ndani ya jiji hilo, na mwaka 2017 baraza likaamua kurudi Windows. Watumishi walikuwa na malalamiko ya kweli: nyaraka zilizopokelewa kutoka nje zikiharibika mpangilio, msaada wa kiufundi ukichelewa. Lakini washauri walioajiriwa na jiji lenyewe kuchunguza, na ambao hawawezi kushukiwa kuipendelea Linux, waliona kwamba kiini cha matatizo mengi kilikuwa mpangilio wa idara za kompyuta zilizotawanyika na kutosikilizana. Kwa maneno mengine, programu ilikuwa huria lakini utawala uliotakiwa kuitunza haukuwapo. Mwaka 2020 watawala wapya wa jiji waliahidi tena kupendelea programu huria.

Nimezunguka hadi Peru na Munich ili nifike Dar es Salaam, maana hapa kwetu tumewahi kuwa na majaribio mawili, yote yakipitia idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yote katika mwongo mmoja, na yakaishia pabaya na pazuri.

Jaribio la kwanza ni Kilinux. Mwaka 2004 wataalamu wa chuo hicho, wakishirikiana na kampuni ndogo ya washauri kutoka Sweden, walichukua programu ya ofisi iitwayo OpenOffice, wakaandaa orodha ya istilahi, wakatafsiri menyu zake zote. Desemba mwaka huo ikatolewa Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili kuanzia juu hadi chini. Sidhani vijana wa leo wanaelewa maana ya tukio lile. Kwa miaka yote kompyuta ilikuwa imezungumza nasi kwa lugha za watu, nasi tukasubiri kampuni iamue kama tunastahili tafsiri. Safari hii hakuna aliyesubiri wala aliyeomba ruhusa, kwa sababu leseni ilikuwa imekwisha kuitoa. Haukupita muda mrefu Microsoft nayo ikatoa Windows na Office kwa Kiswahili. Ushindani huo ulianzishwa na watu wachache waliokuwa na msimbo mkononi.

Na Jambo OpenOffice iko wapi? Sijapata kuingia katika ofisi ya umma nikaikuta. Tafsiri ya programu haimaliziki. Kila toleo jipya huja na maneno mapya na menyu mpya. OpenOffice yenyewe iliyumba: mwaka 2010 kampuni ya Sun iliyoilea ilinunuliwa na Oracle, na sehemu kubwa ya waandishi wake wakajitenga kuanzisha LibreOffice. Kuufuata msafara huo kulihitaji watu wanaolipwa mshahara kila mwezi, na sisi tulikuwa na mradi. Mradi una tarehe ya mwisho. Zaidi ya hapo, hakuna wizara iliyosema: hii ndiyo programu yetu, shule zetu na masjala zetu zitaitumia. Tulisherehekea uzinduzi, tukapiga picha, tukarudi kwenye nakala zetu za kuchakachua.

Jaribio la pili karibu kila muuguzi nchini analifahamu, ingawa pengine hajui asili yake. Utawala wa kibaguzi ulipoanguka Afrika Kusini mwaka 1994, serikali mpya ilirithi idara 14 za afya, zilizogawanywa kwa rangi na kwa vijinchi vya bandia, kila moja na fomu zake na takwimu zake. Wanaharakati wa afya wa Cape Town na watafiti, akiwamo Jørn Braa wa Norway, walianzisha mpango wa kuunganisha takwimu hizo kuanzia ngazi ya wilaya, ili wilaya ndiyo iwe ya kwanza kuzitumia. Programu waliyoiandika, DHIS, ilikuwa tayari kutumika mwaka 1998. Ilikuwa huria, lakini ilijengwa juu ya Microsoft Access. Yaani nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine. Kila wilaya iliyoitaka ilihitaji leseni ya Microsoft, au nakala ya kuchakachua. Ndiyo maana katikati ya miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Oslo kiliongoza kazi ya kuiandika upya yote kwa zana huria, na toleo hilo jipya, DHIS2, lilianza kutumika mwaka 2006 katika jimbo la Kerala, India, ambalo serikali yake ilikuwa na msimamo wa kupendelea programu huria. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011. Tanzania Bara ilikamilisha mikoa yote mwaka 2013.

Kwetu ilikuta msingi. Tangu miaka ya 1990 tulikuwa na MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na vitabu vyake vikubwa vinavyojazwa kwa kalamu zahanati kwa zahanati. Mwisho wa mwezi muuguzi hujumlisha: wajawazito wangapi, watoto wangapi wamechanjwa, wangapi wamelazwa kwa malaria. Ripoti hupelekwa wilayani, huko huingizwa katika DHIS2, na wizara huiona bila kusubiri robo mwaka. Wizara inapotaka kuongeza fomu mpya au kubadilisha kiashiria, haiandiki barua kuomba kibali kwa muuzaji. Takwimu zinaweza kukaa katika seva ya nchi. Na vijana wa chuo wamejifunza kuandika vipande vya programu vinavyopachikwa ndani ya mfumo huo, vingine vikatumika hata nje ya Tanzania, na baadhi yao walisomea shahada zao za uzamivu juu ya kazi hiyohiyo.

Kwa nini DHIS2 ilisimama na Jambo OpenOffice ikalala? Leseni zote mbili zilikuwa huria. Tofauti ni kwamba DHIS2 ilikuwa na wizara inayoihitaji kila mwezi, ilikuwa na watu waliolipwa mfululizo kwa miaka, na kila hatua ya kuieneza ilikuwa pia darasa. Uhuru wa msimbo ni ruhusa ya kutengeneza; ruhusa haimtengenezei mtu kitu.

Hata hivyo sipendi kuipamba DHIS2. Kiini chake kinaandikwa Oslo, na fedha za kuendeleza kiini hicho hutoka kwa wafadhili, zikiwamo za serikali ya Norway na Mfuko wa Dunia. Vipaumbele vya wafadhili vina namna ya kugeuka vipaumbele vya programu. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wa PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI, waliarifiwa kwamba mifumo yao ya takwimu ingefungwa. Mfumo mkuu wa takwimu za mpango huo, DATIM, umejengwa juu ya DHIS2 ileile. Msimbo wake ulikuwa huria asubuhi na jioni. Kilichofungwa ni seva na mishahara. Takwimu zinazokaa katika seva ya nchi, zikitunzwa na mtumishi anayelipwa na nchi, hazifungwi kwa amri ya Washington. Zinazokaa kwingine hufungwa, hata kama leseni yake ni safi namna gani. Hili wanaharakati wenzangu hatulisemi vya kutosha, kwa sababu tumezoea kuipigania leseni na kuisahau mishahara.

Kwa hiyo narudi kwa ofisa aliyeniuliza kuhusu kompyuta zake za Windows 10. Nyingi ya mashine hizo zitaendesha Linux na LibreOffice bila taabu, na kuziuza kwa mnada kama chuma chakavu ni kutupa mali ya umma. Lakini asiandike katika andiko lake kwamba serikali itaokoa fedha yote ya leseni. Akiandika hivyo Hazina itaichukua fedha hiyo, na mwaka unaofuata karatasi zitakapoanza kukwama hatakuwapo wa kuzikwamua. Aandike kwamba fedha ya leseni inahamishwa kwenda kifungu cha watu: mafundi wawili watatu wenye ajira ya kudumu, ambao kazi yao ni kuitunza programu hii, kuitafsiri, kurudisha marekebisho yao kwa wenzao duniani, na kumfundisha katibu muhtasi bila kumdharau.

Nami namshauri aanzie masjala, si maabara ya maonyesho. Masjala ndiko ziliko nyaraka za miaka 15 zilizoandikwa katika matoleo manne ya Word, zenye majedwali ndani ya majedwali na nembo ya taifa iliyobandikwa vibaya. Nyingi zitafunguka sawasawa. Baadhi zitafunguka zimepindapinda, na kila moja ya hizo itadai nusu saa ya mtu. Azihesabu hizo kwanza, kwa mkono, katika ofisi moja, kabla ya kuandika tarehe yoyote kwenye mpango kazi.